Muhiddin wa Halua na Uzi Usio na Ncha

Muhiddin Gharib alipika halua kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuna aliyemuuliza halua ni kitu gani. Watu waliila wakanyamaza. Aliyekuja kumuuliza alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, mwaka 1970, wakati ambapo Muhiddin hakuwa na halua hata ya kupaka kwenye ukucha.

Sukari ilikuwa imeanza kupimwa kwa kila nyumba, na samli imekuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Karai lake la shaba, ambalo watu wawili wakilibeba hupumzika mara tatu njiani, lilipinduliwa uani kwake Mtoni, na mkewe, Bi Mwatum, akawa anaanikia juu yake kanga na mashuka. Yeye mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na minane, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa sababu ya mwiko, alibaki kukaa barazani akiwasikiliza wenziwe wakieleza namna dunia inavyopaswa kuendeshwa. Baraza za mji huu hazijapata kukosa mawaziri. Aliposikia kwamba chuo kimoja mjini kinataka mtu wa kuosha vyombo vya kioo, alipanda baiskeli siku hiyo hiyo, kabla hawajamaliza kuiendesha dunia.

Chuo kilikuwa ndani ya nyumba ya mawe ya tajiri mmoja aliyeondoka mwaka sitini na nne, kwa haraka iliyomsahaulisha vioo vyake vya ukutani. Maabara ilikuwa ghorofa ya juu, chumba kilichokuwa cha wageni. Mahali pa kitanda palikuwa na meza ndefu, na juu ya meza chupa za kila umbo, baadhi zina shingo mbili, nyingine tatu, kama kwamba aliyezifinyanga alishindwa kuamua. Hapo ndipo alipomkuta Mwalimu Kazija Mmanga.

Kazija alikuwa binti wa fundi cherehani wa Ng'ambo. Serikali ilimpeleka Ujerumani ya Mashariki kusoma kemia, akakaa miaka sita, akarudi na shahada, koti zito ambalo hakulivaa tena, na jambo moja lililomganda moyoni. Alimpa mgeni wake shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani zamani. Muhiddin akasema halua.

"Na halua ni nini, mzee?"

Muhiddin alidhani anachezewa. Akamwambia mtoto wa Unguja asiyejua halua bora arudi huko alikotoka. Kazija akacheka, akasema kuila anajua sana, anachotaka kujua ni kinachotokea mle ndani ya karai, pale maji ya sukari na wanga yanapoacha kuwa maji. Muhiddin hakuwahi kulitafutia jambo hilo neno.

"Inashikana," akasema.

Kazija akamwandika kazi.

Siku zilizofuata, katikati ya kuosha na kukausha, alipata elimu ambayo wengine huifuata kwa meli. Kazija alimwambia kwamba vitu vingi tunavyovishika kila siku, mpira, nailoni, pamba, na huo wanga wa halua, ni nyuzi. Vipande vidogo, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, vimeshikana kimoja na chenzake kama watu walioshikana mikono kwenye mstari. Kila uzi una ncha mbili, na kila ncha ni mkono mtupu unaotafuta wa kushikana naye. Kuurefusha uzi si kazi kubwa. Kazi ni kuufanya uzi mmoja uache wenziwe wote, ujigeukie, ushike ncha yake mwenyewe, uwe pete. Huko Ujerumani alifanya jambo hilo mara moja, akisimamiwa. Alitaka kulifanya hapa, kwa mafuta ya mbarika, mmea unaoota nyuma ya kila choo cha kisiwa hiki bila kupandwa na mtu.

Mbegu walizifuata Kizimbani, pembezoni mwa shamba la serikali, ambako watu wa karafuu waliwatazama kwa huruma. Wakazikamua. Kutokana na mafuta yale Kazija alitoa kitu chenye mikono miwili isiyofanana: wa kulia wa huyu hushika wa kushoto wa yule, na kila wakishikana hutoka chembe ya maji. Kikombe kidogo cha kioo kiliungwa pembeni kuyakinga maji hayo, na Muhiddin alikuwa akikitazama kama wengine wanavyotazama saa.

Lakini namna ya kuufanya uzi ujishike mwenyewe, hilo halikumwingia. Kazija akamuuliza:

"Mzee, siku ya kuamkia sikukuu uko Darajani, umebanwa huku na huku. Ukinyoosha mkono, utamshika nani?"

"Mwizi."

"Haya. Sasa uko peke yako kiwanja cha Mnazi Mmoja, saa saba ya mchana, hakuna hata paka. Ukitaka mkono wa kushika?"

Muhiddin aliitazama mikono yake, akautia mmoja ndani ya mwingine. Alikaa hivyo kwa kitambo, mikono imeshikana, kitambaa cha kukaushia kiko begani. Baadaye alimwambia mkewe kwamba hakuna mtu aliyepata kumfundisha kitu kikubwa kwa maneno machache kiasi kile, akimtoa maalimu wake wa chuo cha Kurani, na yule alitumia bakora.

Basi ndio siri yote. Nyuzi ziwe chache na uwanja uwe mpana. Uwanja wenyewe ulikuwa toluini, maji makali yenye harufu ya rangi ya milango, na nyuzi zilikuwa ziingie humo tone moja moja, kutwa nzima, ili kila uzi ukifika usikute wa kushikana naye ila nafsi yake. Toluini walikuwa nayo madebe mawili. Barua ya kuomba debe la tatu ilijibiwa kwa barua ya kuuliza toluini ni nini.

Jaribio la kwanza lilifanywa Jumatano. Asubuhi ile ile walimu wote walitakiwa wakajenge taifa, ambako siku hiyo kulikuwa kupalilia mpunga. Kazija aliwasha jiko la umeme chini ya chupa kubwa, akaifungua koki ya faneli ya nyuzi iliyo juu yake kwa kiasi cha tone moja kila pumzi tatu, akamwambia Muhiddin asiguse kitu, akaondoka na jembe.

Muhiddin alikaa akatazama. Saa tatu, maji. Saa tano, maji. Ilipoadhiniwa adhuhuri kilichokuwa ndani ya chupa kilikuwa bado chepesi kama maji ya kunawia.

Sasa, mpishi wa halua ana hofu moja tu duniani, nayo ni karai lisiloshikana. Njaa anaizoea, wadeni anaijua milango yao, lakini akiona kitu chepesi juu ya moto viungo vyote humwambia afanye jambo. Kwa miaka thelathini na moja mkono wake ulikuwa umelipwa kwa kutokubali wepesi. Na binti wa watu yuko shambani, anachomwa na jua, anamtegemea. Muhiddin alifungua madirisha yote. Akaifungua koki, nyuzi zote zikamiminika kwa pamoja. Akalichomoa bomba la kupozea ili mvuke wa toluini utoke uende zake baharini. Akaongeza moto. Kisha akachukua kijiti kirefu cha kioo na akakoroga kwa saa mbili nzima, akibadilisha mkao lakini si mkono, na kwa mara ya kwanza tangu sukari iondoke alijihisi ni mtu.

Kazija aliporudi alasiri, tope mpaka magotini, alikuta kisahani cha kitu cha rangi ya asali iliyoungua. Muhiddin akakichota kwa ncha ya kijiti, akarudi nacho nyuma hatua nne mpaka dirishani. Uzi ukamfuata, mwembamba, unang'aa, haukatiki.

"Imeshikana, mwalimu," akasema. Angekuwa na lozi angezipanga juu yake.

Kazija akaketi. Baada ya muda akainuka, akachukua kidogo katika kile kisahani, akakiyeyusha katika spiriti na akatia dawa isiyo na rangi. Akaeleza kwa upole, bila kumtazama, kwamba soda kali itakayodondoshwa humo humezwa na kila ncha itakayoikuta, na ncha zikiisha, maji yatageuka rangi ya waridi. Akadondosha. Tone la kwanza likamezwa, la pili, la tatu. Yaligeuka waridi tone la tisa. Ncha zilikuwemo. Alichopika Muhiddin kilikuwa nyuzi ndefu kabisa, nzuri kabisa, kila moja imeshika mkono wa jirani. Alikuwa amepika Darajani.

Hakugombezwa. Ndilo lililomuumiza. Kesho yake alipokuwa akipangusa meza aliliona daftari la mwalimu limeachwa wazi, na chini ya tarehe ya Jumatano imeandikwa: "Jaribio limeharibika. Kosa ni la mwalimu." Muhiddin akalisoma mara mbili, akalifunga, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Lilibaki debe moja. Zilibaki pia siku kumi na moja, kwa sababu Borafya Pandu, mtunza ghala wa chuo, alikuwa ameanza kupanda ngazi na futi yake ya kupimia. Kamati ya chuo ilikuwa imeamua kwamba maabara ikifika mwisho wa mwezi bila ya kuwa na kitu cha kuonyesha, vioo vitatiwa makashani na chumba kitawekwa madaftari na majembe. Borafya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye majembe mengi. Alipima ukuta wa kaskazini, akaandika, akamuuliza Muhiddin hali za nyumbani, akapima wa mashariki.

Bi Mwatum alipoelezwa hakumpa mumewe pole. Alisema kwamba kwa miaka yote ya ndoa yao hajamwona akiacha hata uji wa mgonjwa ukaiva wenyewe, na kwamba hao watu wa chuo, kwa elimu yao yote, walipaswa kumuuliza mke kabla ya kumwachia mtu kama huyu chombo kilicho juu ya moto. Kisha akamwongezea mchuzi.

Siku ya pili yake Muhiddin alisimama mbele ya meza ya mwalimu wake, mikono nyuma.

"Mwanangu, nlifanya mimi. Usiandike kosa lako."

"Nlikwacha bila kukueleza, mzee. Nani mwenye kosa?"

"Basi nieleze, nkae tena. Na hicho kijiti kifungie kabatini, ufunguo uweke wewe."

Kazija alimweleza kwamba chupa ikibaki nyepesi kutwa nzima isiguswe. Debe lilikuwa moja. Akachukua kijiti cha kioo, akakifungia kabatini, akautia ufunguo mfukoni.

Wakaanza jua lilipochomoza. Muhiddin alikuja na tasbihi yake ya mbegu nyeusi, punje tisini na tisa, kwa sababu za kikazi: mkono wa kulia haukuwa wa kuaminika na ulihitaji kupewa shughuli. Tone moja, punje moja. Koki ikiharakisha, vidole vyake vinajua kabla ya macho, ikichelewa, vinajua. Mzunguko wa kwanza na wa pili alikuwa akihesabu tu. Kwenye wa nne alijikuta anasabihi kwa kweli, na hakuona sababu ya kuacha.

Saa nne na nusu bomba la mji lilikata maji, kama desturi yake. Bomba la kupozea haliwezi kukaa bila maji, la sivyo toluini yote hupaa, na Muhiddin alikuwa ameshawaonyesha jinsi inavyopaa. Kazija akachukua ndoo, akashuka kwenye birika la uani. Alipokuwa akipanda na ndoo imejaa alikutana kwenye ngazi na Borafya, futi mkononi, anakuja kupima ukuta wa kusini. Sasa, mwanamume wa mji huu anaweza kukunyang'anya chumba, lakini hawezi kusimama kwenye ngazi akatazama mwanamke anapanda na ndoo. Aliipokea. Alipoifikisha juu aliambiwa kwamba inahitajika nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Kuiacha ya tatu kungekuwa aibu kubwa kuliko kutoianza ya kwanza. Mtunza ghala alibeba maji mpaka alasiri, kwa ajili ya maabara ambayo alikuwa amekuja kuizika, na futi ikiwa imening'inia shingoni kama koja la maua la bwana harusi.

Adhuhuri ilifika. Ndani ya chupa, maji ya kunawia. Muhiddin alikwenda kuswali, akarudi, yakawa bado maji ya kunawia. Kuna wakati mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe kutoka kwenye goti ukaelekea kwenye koki, na watu wote watatu waliuona. Muhiddin akautazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake mbele ya wageni, nao ukarudi kwenye punje.

Mzunguko wa thelathini na sita ulikwisha jua likiwa limeanza kulala. Katika kikombe cha pembeni kulikuwa na maji kidogo mno, pengine ya kujaza kifuniko cha peni. Juu yake, kwenye mdomo wa bomba, lilining'inia tone jingine. Wakalisubiri. Likadondoka.

Asubuhi Kazija aliikausha toluini kwa moto mdogo, akaisafisha kazi yao kwa maji, na kilichobaki kikawa mafuta mepesi ya rangi ya chai iliyokosa majani. Hayakuwa na sura yoyote. Borafya, aliyekuwa amekuja kwa sababu asizozisema, aliinama akayatazama, akainuka kwa adabu. Muhiddin alihisi moyo wake unashuka ngazi. Miaka thelathini na moja ilimwambia kwamba hii ni kazi iliyoshindikana.

Kazija aliidondosha soda kwanza kwenye spiriti tupu, ili kujua spiriti yenyewe inakula kiasi gani. Tone moja, ikawa waridi. Kisha akadondosha kwenye spiriti yenye mafuta yao. Tone la kwanza: waridi, ikafifia, ikapotea. La pili.

Ikabaki.

Alisubiri ipotee. Haikupotea. Katika kila nyuzi mia, akasema polepole, chache mno zina mkono mtupu. Lakini uso wake haukufunguka, na Borafya, ambaye kwa ndoo zile alikuwa amejipatia haki ya kuuliza, akauliza kuna nini tena. Kazija akasema hilo linaweza kuwa mambo mawili. Ama nyuzi zimejishika zikawa pete. Ama zimeshikana zikawa ndefu mno, uzi mmoja mahali pa maelfu, hata ncha mbili zake hazihesabiki. Chombo cha kupambanua kilikuwa Ujerumani.

Muhiddin akaomba ruhusa. Akachovya kidole cha shahada na gumba katika yale mafuta mepesi, akavibana, akaviachanisha taratibu mbele ya macho yake, kama alivyofanya juu ya karai kila siku ya maisha yake. Hakukuwa na uzi. Akapangusa, akachovya katika kile kisahani cha Jumatano, ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitupa. Akaviachanisha. Uzi ukatokea, ukarefuka, ukacheza na upepo wa dirishani.

"Zingekuwa ndefu, mwalimu," akasema, "zingevuta. Hizi hazivuti."

Kazija akatafuta mrija mwembamba wa kioo na akaazima saa ya Borafya, ambayo tangu inunuliwe ilikuwa ikitumika kuwanasa wachelewaji. Akayeyusha vitu viwili vile kwa kipimo kimoja, akavipitisha kwenye mrija. Cha Jumatano kilijikokota dakika nne na zaidi. Cha tasbihi kilipita chini ya dakika moja. Akarudia mara tatu, na mara ya tatu Borafya ndiye aliyesoma saa.

Nyuzi zisizo na ncha na zisizo ndefu. Hakukubaki jina jingine la kuziita.

Kazija alikwenda ubaoni akapiga hesabu. Katika tone moja la mafuta yale, akasema, mna pete nyingi kuliko karafuu zote zilizochumwa Unguja na Pemba tangu mkarafuu wa kwanza. Akatazama ubao tena, akajisahihisha: uzizidishe hizo karafuu mara laki moja, na bado. Kila moja imejigeukia peke yake kwenye uwanja mpana, ikajikuta. Na kazi hiyo ilifanyika mbele ya macho yao kutwa nzima, wao wakiona maji.

Muhiddin aliiangalia tasbihi yake, punje tisini na tisa na fundo lake, akairudisha mfukoni kwa uangalifu, kama iliyoongezeka uzito.

"Na zile ncha," akauliza Borafya, "zimekwenda wapi?"

"Hazikwenda," Muhiddin akamwambia. "Zimekutana."

Borafya akaivua futi shingoni. Akaikunja nusu, akaikunjua, kisha, akidhani hatazamwi, akazileta ncha zake mbili pamoja na kuishika hivyo mbele ya dirisha. Ukuta wa kusini haukupimwa tena.

Kamati ilikuja mwisho wa mwezi, watu watano. Waliyanusa mafuta kwa zamu. Mmoja aliuliza kama yanafukuza mbu, akaambiwa hapana; mwingine akauliza basi yanafanya nini, akaambiwa hayana ncha. Baada ya mashauriano waliandika kwamba matokeo yapo, na maabara ikaachiwa chumba chake. Jina la Muhiddin likahamishwa kutoka safu ya waosha vyombo kwenda safu ya wasaidizi wa maabara, na huko likabaki. Katika daftari la Kazija, chini ya tarehe ile, pameandikwa: "Imefaulu. Mkono ni wa Muhiddin Gharib."

Ijumaa moja Muhiddin alipewa ruhusa ya kuchukua mafuta yale kidogo kwenda nayo nyumbani, katika kichupa cha dawa ya macho. Bi Mwatum alikuwa akijipaka mafuta ya mbarika nywele tangu ana akili, na amewanywesha watoto sita kwa ajili ya matumbo, wakishikwa miguu na mikono. Alikipokea kichupa akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Mbarika hii hii ya nyuma ya choo?"

"Hii hii."

"Na haina mwisho."

"Haina."

Bi Mwatum alikitazama, na mumewe alisubiri neno lake, kwa sababu halikupata kukosekana. Mkewe aliinuka, akaipita rafu ya mafuta ya nywele bila kuitazama, akakipandisha kichupa juu ya kabati, mahali anapoweka vitu visivyochezewa.